Skuta Zisizo na Mwenyewe

Mwezi wa Agosti, mwaka 2023, sajini mmoja mstaafu wa polisi wa Uganda aliwasili mjini Paris, Ufaransa, kumtembelea binti yake aliyekuwa akiishi huko kwa muda wa miaka 11. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 72. Alikuwa ametumikia polisi tangu ujana wake, kwanza katika kituo cha mpakani Busia, kisha katika kitengo cha barabara mjini Kampala, na katika kazi yake yote hakupata kupita mbele ya chombo kilichoanguka barabarani bila ya kuuliza ni cha nani.

Basi asubuhi ya kwanza, walipotoka kwenda kununua mkate, alikikuta chombo cha namna hiyo kimelala katikati ya njia ya waendao kwa miguu. Kilikuwa ni kibao cha kusimamia chenye magurudumu mawili madogo, na mbele yake mti mrefu wenye usukani, breki na taa. Mzee aliinama akakiinua. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhania, yapata kilo 30, nacho kikaanza kupiga kelele kama kinachoibiwa. Akakisimamisha kando ya ukuta, akageuka huku na huku kumtafuta aliyekiacha.

"Baba, iache," binti yake alimwambia. "Haina mwenyewe."

"Hakuna kitu kisicho na mwenyewe," mzee alijibu.

Jambo hilo lilimshughulisha kwa siku zote alizokaa katika mji ule, na kwa hakika ndilo jambo lililokuwa likiwashughulisha wakazi wa Paris wenyewe kwa miaka mitano kabla ya yeye kufika.

Chombo kile ni skuta ya umeme ya kukodishwa. Msomaji asiichanganye na pikipiki ndogo ya petroli ambayo wazee wetu waliiita skuta pia. Hii haina kiti. Mtu husimama juu yake kama mtoto achezaye, na mota iliyomo katika gurudumu humpeleka kwa nguvu za betri iliyofichwa ndani ya kibao. Mwenye simu ya mkononi huielekeza simu yake kwenye alama ya mraba iliyobandikwa katika usukani, fedha zikakatwa katika akaunti yake, na skuta ikafunguka. Afikapo aendako huifunga kwa simu ile ile, akaiacha, akaenda zake. Atakayekuja nyuma yake ataiona katika ramani ya simu na kuichukua. Hapana mlinzi wala karani, wala hapana daftari la kutia sahihi.

Biashara hiyo ilianzia Marekani, katika mji wa Santa Monica, mwezi wa Septemba mwaka 2017, kwa kampuni iliyojiita Bird. Mwezi wa Machi mwaka 2018 kampuni tatu zilizimwaga skuta zao katika mitaa ya San Francisco bila ya kungojea idhini ya mji, na miezi michache baadaye zikaamriwa kuziondoa mpaka zitakapopata kibali. Mwaka ule ule, katika baadhi ya miji ya Marekani, skuta za kampuni moja zilitiwa sauti: mtu akizigusa bila ya kulipa zilimwambia kwamba zitamwita polisi. Wananchi walilalamika na sauti ile ikaondolewa. Mzee aliposimuliwa habari hizo na mjukuu wake alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alisema kwamba katika miaka yote ya kazi aliitwa na watu wa kila aina, lakini hakupata kuitwa na kibao.

Paris ilizipokea skuta za kwanza mwezi wa Juni mwaka 2018. Kufikia majira ya joto ya mwaka 2019 palikuwapo kampuni zipatazo 12 na skuta zipatazo 20,000, na mji haukuwa na kanuni zilizotungwa kwa ajili yake. Ziliachwa mbele ya milango ya maduka, katika vivuko, juu ya ngazi za metro. Nyingine zilitupwa mtoni na katika mifereji, na wapiga mbizi wakazipandisha zimejaa matope. Hapo mwanzo palikuwa na watu waliozizunguka usiku kwa magari, wakizikusanya na kuzipeleka nyumbani kwao ili wazitie umeme, kisha wazirudishe mitaani kabla ya mapambazuko. Walilipwa kwa kila skuta, wala hawakuwa na mshahara. Wengi wao walikuwa maskini wenye haraka, na haraka yao iliongeza fujo.

Serikali haikukaa kimya. Mji uliweka faini ya euro 135 kwa mtu aendeshaye juu ya njia ya miguu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 ilitolewa amri ya nchi nzima: mwendo usizidi kilomita 25 kwa saa, asipande zaidi ya mtu mmoja, na asiendeshe mtoto aliye chini ya miaka 12. Mwaka 2020 Paris ilizichuja kampuni zikabaki tatu, yaani Lime, Dott na Tier, kila moja ikiruhusiwa skuta 5,000, na zikachorwa sehemu maalumu za kuziegesha. Hata hivyo, mwezi wa Juni mwaka 2021, mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea kando ya mto Seine usiku aligongwa na skuta iliyopakia watu wawili, akafa. Baada ya kifo hicho mwendo wa skuta za kukodishwa ulipunguzwa hadi kilomita 10 kwa saa katika sehemu nyingi za mji zenye watu wengi.

Mambo hayo yote mzee aliyapata kidogo kidogo, kwa kuuliza. Lakini yaliyo karibu na moyo wa mtu huingia kwa mlango mwingine, na kwake yeye mlango huo ulikuwa ni binti yake mwenyewe.

Binti huyo alikaa na mtoto wake wa kike, mwenye umri wa miaka 13, katika nyumba ya ghorofa karibu na njia iitwayo Avenue de Flandre, upande wa kaskazini-mashariki wa mji. Kazi yake ilikuwa kusafisha maofisi karibu na Opéra, umbali wa kilomita 4 hivi. Siku tatu katika juma alianza saa moja asubuhi, na siku mbili alianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu wenye maofisi hawapendi kumwona anayefagia. Treni ya metro katika mji ule huanza kutembea saa hiyo hiyo ya kumi na moja na nusu. Kwa hiyo siku hizo mbili treni haikumfaa. Lipo basi la usiku, nalo hupita kwa nadra. Likimpita mtu kwa dakika moja hungoja sana, na akichelewa kazini mara ya tatu huulizwa kama bado anaipenda kazi yake.

Siku hizo ndizo alizopanda skuta. Alitoka saa kumi na moja alfajiri, akavaa kofia ngumu aliyoinunua mwenyewe, akaiendesha katika njia ya baiskeli kushuka Rue La Fayette hadi mlangoni mwa kazi, kwa muda wa robo saa. Ilimgharimu euro 1 kuifungua na senti kadhaa kwa kila dakika, hata safari moja iliweza kufika euro 4 na zaidi, ilhali tiketi ya metro wakati huo ilikuwa euro 2.10. Alizitoa fedha hizo kama mtu atoavyo fedha za dawa, bila ya kuzifurahia, kwa kujua zinanunua nini.

Mzee hakuambiwa. Aliligundua jambo hilo siku ya nne, aliposikia mlango ukifungwa kungali giza, akaenda dirishani. Alimwona binti yake, mwanamke wa miaka 41, amesimama wima juu ya kibao chembamba kama mti wa bendera, akiteleza kimya chini ya taa za barabarani mpaka akapotea. Mzee hakurudi kitandani. Alikaa jikoni akingoja. Katika kitengo cha barabara alikuwa amewaokota watu wengi sana alfajiri.

Binti yake aliporudi mchana alimkuta baba yake amekaa pale pale.

"Gurudumu lile ni dogo kuliko sahani," mzee alisema. "Shimo moja tu, mwanangu."

"Najua, Baba. Njia ile haina mashimo mengi."

"Na ikinyesha mvua?"

"Ikinyesha naenda polepole."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Binti alivua viatu, akaviweka pamoja ukutani jinsi alivyofundishwa utotoni. "Kwa sababu ningekuambia, ungeamka kila siku," alisema.

Haikupita siku nyingi mzee akauona upande wa pili wa jambo lile. Katika nyumba ile ile, ghorofa ya chini, alikaa mzee wa Kifaransa asiyeona, atembeaye kwa fimbo nyeupe. Wazee hao wawili hawakuwa na lugha ya pamoja, lakini walisalimiana kila asubuhi kwa kushikana mikono, na mjukuu alikuwa mkalimani wao. Mkono wa kushoto wa jirani ulikuwa umeungwa kwa bandeji ngumu. Alieleza kwamba alikuwa ameijua njia ya kutoka mlangoni pake hadi dukani kwa hatua, kama mtu ajuavyo Sala ya Bwana, na kwamba kwa miaka 20 njia ile haikumdanganya hata mara moja. Kisha jioni moja mtu aliyekuwa na haraka aliacha skuta yake imelala, na fimbo ikapita juu ya kibao bila ya kugusa kitu, bali mguu ukagusa.

"Muulize alimshitaki nani," mzee alimwambia mjukuu.

Mjukuu aliuliza. Jibu lilikuwa kwamba kampuni ilisema kosa ni la aliyeiacha. Na aliyeiacha wa mwisho, kwa mujibu wa simu, aliiacha ikiwa imesimama vizuri na kuipiga picha. Bila shaka mtu mwingine aliiangusha, au upepo.

Mzee alilitafakari sana jibu hilo. Katika polisi alizoea kwamba bunduki ikitoka ghalani ina namba, na namba ina sahihi, na sahihi ina mtu, na mtu ana shingo. Boda boda wa Kampala, kwa vurugu zao zote, na zinajulikana, kila pikipiki ina mtu aliyekaa juu yake. Akimgonga mwananchi atakimbia pengine, lakini jukwaani kwake wenziwe wanamjua kwa jina na kwa sura. Skuta hii ilikuwa na kampuni yenye hesabu zake, na mpandaji aliyekwisha shuka, na barabara ya manispaa, na wote watatu walipotazamana palibaki mkono uliovunjika. Hapo ndipo alipolielewa neno la binti yake la siku ya kwanza. Skuta ilikuwa na mwenyewe kwa muda wa robo saa ya kulipiwa. Nje ya robo saa hiyo haikuwa na mtu.

Siku ya Jumamosi moja alifanya kitendo ambacho mjukuu wake atakisimulia mpaka uzeeni. Walikuwa wakitembea kando ya bwawa la La Villette, watu wamejaa, watoto wanaogelea, mara wakaja vijana wawili juu ya skuta moja, juu ya njia ya miguu, kwa mwendo wa kasi. Mzee alitoka mbele hatua moja, akasimama kwa miguu iliyoachana, akainua kiganja cha mkono wa kulia. Hakuwa na sare wala filimbi. Vijana walifunga breki mbele yake wameduwaa. Mzee aliwaambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwamba chombo hicho ni cha mtu mmoja, na kwamba mmoja wao ashuke. Mmoja akashuka. Mzee akawapungia wapite, akaendelea na matembezi. Mjukuu alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Babu, wangeweza kukupiga!"

"Walijua wamekosa," mzee alijibu. "Mtu ajuaye amekosa husimama, hata mkono ukiwa wa mgeni."

Huenda ni kweli, na huenda siku ile alibahatika tu.

Wakati mzee alipofika, hukumu ya skuta za kukodishwa ilikuwa imekwisha tolewa. Jumapili ya tarehe 2 Aprili mwaka 2023, Meya wa Paris, Bibi Anne Hidalgo, aliwaita wakazi wapige kura kujibu swali moja: skuta za kukodishwa zibaki au zisibaki? Meya mwenyewe alitaka ziondoke. Kampuni zilitoa safari za bure siku hiyo ili wapenzi wa skuta, ambao wengi wao ni vijana, wafike vituoni. Waliofika walizidi kidogo 103,000 katika mji wenye wapiga kura walioandikishwa wapatao 1,380,000. Yaani hata 8 kwa mia hawakufika. Na katika hao waliofika, 89 kwa mia walisema ziondoke. Mikataba ya kampuni ilikuwa ikimalizika mwisho wa mwezi wa Agosti, nayo haikuongezwa. Skuta za watu binafsi, zilizonunuliwa kwa fedha zao, hazikuguswa.

Ni rahisi kuwacheka Wafaransa kwamba waliamua jambo la mji mzima kwa kura za wachache. Lakini mlango ulikuwa wazi, na aliyebaki kitandani hana haki ya kulalamika kwamba chakula kimepakuliwa bila yeye. Wapo hata hivyo ambao hawakubaki kitandani kwa hiari yao. Binti wa sajini alikuwa na kibali cha kukaa na kufanya kazi, alilipa kodi kila mwaka, lakini hakuwa raia wa Ufaransa wala wa nchi nyingine ya Ulaya, na jina lake halikuwamo katika daftari la wapiga kura. Ndivyo walivyokuwa na wenziwe wengi wa alfajiri: wafagiaji, wapishi, walinzi wa usiku, wasaidizi wa hospitali. Jirani asiyeona alipiga kura, na mkono uliokuwa mzima ndio uliotumbukiza karatasi. Mzee alimpa haki. Alipotazama vizuri aliona kwamba jirani na binti yake wote wawili walikuwa wakiomba kitu kimoja tu, nacho ni njia salama ya kutoka mlangoni hadi waendako, na kwamba njia ya mmoja ilikuwa imelala juu ya njia ya mwenziwe.

Kuhusu madai kwamba skuta hizo zilipunguza magari na moshi mjini, ni vizuri kuwa na kiasi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2019 kwa watumiaji wa skuta nchini Ufaransa ulionyesha kwamba wengi wao, kama skuta isingekuwapo, wangekwenda kwa miguu au kwa metro. Walioacha gari nyumbani walikuwa wachache. Watalii walizipenda, na vijana watokao katika starehe za usiku. Mtu wa aina ya binti huyu alikuwa mmoja katika wengi. Huenda ndiyo sababu hakuna aliyeinua sauti kwa ajili yake. Kampuni zilipotafuta wa kuzisemea zilitafuta watu mashuhuri wa mitandaoni, hazikumtafuta mwanamke mwenye ndoo.

Alhamisi tarehe 31 Agosti ilikuwa siku ya mwisho. Magari ya kampuni yalipita mitaani yakizipakia, zikapelekwa katika miji mingine ya Ulaya ambayo bado ilizikubali. Asubuhi ya Ijumaa njia ya miguu mbele ya nyumba ilikuwa tupu, na jirani asiyeona alikwenda dukani na kurudi bila ya kusimama. Mzee alimtazama kutoka dirishani. Usiku ule ule, kabla ya mapambazuko, binti yake alikuwa ameamka saa tisa na nusu ili awahi basi la usiku.

Iliendelea hivyo kwa juma zima, na mzee akiona jinsi macho ya binti yake yanavyoingia ndani. Ndipo mjukuu aliposema neno lililokuwa likiepukwa mezani.

"Mama, kwa nini usichukue baiskeli? Ziko pale pembeni."

Paris ina baiskeli za umma ziitwazo Vélib', zilizoanza mwaka 2007. Ziko za kijani za kukanyaga na za buluu zenye mota ya umeme, katika vituo zaidi ya 1,400. Tofauti yake na skuta ni moja, nayo mzee aliipenda mara alipoeleweshwa: baiskeli hufungwa katika nguzo ya kituo, na mpaka irudishwe katika nguzo, iwe ile au nyingine, hesabu inaendelea kuwa juu ya aliyeichukua. Aliizunguka nguzo, akaigusa. Alisema kwamba hilo ni daftari la ghala, ila limetengenezwa kwa chuma.

Lakini binti yake alitazama chini. "Sijui baiskeli," alisema.

Mjukuu alishangaa. Mzee hakushangaa, maana sababu alikuwa akiijua. Katika miaka yake ya Busia aliwaona vijana wa kwanza waliobeba abiria nyuma ya baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha Uganda hadi kile cha Kenya, wakiita kwa Kiingereza kibovu kwamba wanakwenda mpaka kwa mpaka, na ndipo jina la boda boda lilipotokea. Baadaye yeye mwenyewe alipewa baiskeli ya kazi, nyeusi, nzito, yenye kibebeo nyuma. Watoto wake wa kiume waliiendesha katika kambi jioni, wakipitisha mguu katikati ya vyuma kwa kuwa kiti kilikuwa juu mno. Binti yake, akiwa na miaka tisa, alikuja kumwomba naye ajaribu. Mzee alimjibu kwamba baiskeli ni mali ya serikali, na tena si ya wasichana. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kweli, ingawa haikuwazuia wavulana. Ya pili aliiongeza mwenyewe.

Jumapili tarehe 10 Septemba walitoka watu watatu mapema, kabla njia ya kando ya bwawa haijajaa. Walichukua baiskeli ya kijani, isiyo na mota, kwa kuwa mzee alisema mtu hujifunza kwanza kwa miguu yake. Binti alipanda. Mzee, kwa miaka yake 72, alishika kiti kwa nyuma, akaanza kukimbia kwa hatua fupi fupi. Walikwenda mita 10, wakaanguka kidogo, wakaenda tena. Mjukuu alipewa kazi ya kubeba makoti. Wapita njia walitazama: mwanamke mtu mzima mwenye kofia ngumu akipiga kelele kama mtoto, na mzee mwembamba akihema nyuma yake na kutoa amri.

"Tazama mbele! Usitazame gurudumu!"

"Baba, usiniachie!"

"Sijakuachia."

Alikuwa amekwisha mwachia kitambo. Binti aligundua alipofika karibu na daraja na sauti ya baba yake ikawa inatoka mbali.

Walirudi jioni za siku nyingine, na Jumapili iliyofuata. Juma la tatu alihamia katika ile ya buluu, yenye umeme, kwa kuwa njia ya kurudi kutoka kazini ni ya kupanda. Siku mbili kabla ya safari ya mzee kurudi Entebbe ilikuwa zamu ya alfajiri. Mzee aliamka bila ya kuamshwa, akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akamsindikiza binti yake hadi kituoni. Hapakuwa na mtu mwingine barabarani. Nguzo ilitoa mlio, kufuli likaachia. Binti alipanda, akayumba kidogo, akanyooka, na taa nyekundu ya nyuma ikaenda ikipungua katika ile njia ndefu mpaka mzee asiweze tena kuitofautisha na taa za barabarani.

Alibaki pale pale kando ya nguzo tupu, mikono nyuma, kama askari wa zamu. Baada ya dakika 19 simu iliyokuwa mfukoni mwake ililia.

"Nimefika, Baba. Nimeirudisha."